Herufi na Namba Yake: Kuandika Alama za Fonetiki na Herufi Maalum kwa Kompyuta

1. Utangulizi

Katika Waamuzi 12:5-6 tunasoma habari za watu wa Gileadi waliovishika vivuko vya Yordani, wakamtaka kila aliyetaka kuvuka atamke neno moja. Aliyelitamka kwa sauti ya sh alipita. Aliyelitamka kwa sauti ya s alijulikana kuwa Mwefraimu, akauawa. Nao waliokufa wanahesabiwa kuwa 42,000. Wanafunzi wa Agano la Kale huifahamu habari hii, lakini ni wachache wanaotambua kwamba ni habari ya fonetiki, na zaidi ya hayo ni habari ya maandishi. Mwandishi wa Kiebrania aliweza kuisimulia kwa sababu alfabeti yake ilikuwa na herufi mbili kwa sauti hizo mbili, yaani shin na sameki. Wafasiri wa Septuaginta hawakuwa na nafasi hiyo. Kigiriki hakina sauti ya sh wala herufi yake. Kwa hiyo walilitafsiri neno badala ya kulinukuu, na kiini cha habari kikafichika kwa msomaji wao.

Tunaona hapa kwamba herufi inapokosekana, kinachopotea si pambo la maandishi bali maana yenyewe. Jambo hili linatuhusu sisi tunaoandika tasnifu, mahubiri, nyimbo, tafsiri na kumbukumbu za sharika kwa kompyuta. Kibodi tunazozitumia zilitengenezwa hasa kwa ajili ya Kiingereza, ilhali kazi yetu inatudai Kiebrania, Kigiriki na lugha za mama za washarika wetu.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini herufi maalum hupotea au hubadilika ndani ya kompyuta, na jinsi ya kuziandika ili zidumu. Hoja yetu ni moja: kompyuta haihifadhi sura ya herufi, bali huhifadhi namba yake. Mwandishi anayetosheka na sura ameandika kwa ajili ya leo na kwa mashine yake tu. Anayejali namba ameandika kwa ajili ya wasomaji watakaokuja baada yake.

2. Haja ya herufi maalum

Kiswahili kimetuzoesha urahisi. Kina irabu tano zinazolingana na herufi tano za Kilatini, hakiandiki toni, na alama pekee inayohitajika juu ya herufi zake za kawaida ni ritifaa katika maneno kama ng'ombe na ng'ambo. Mtu aliyejifunza kuandika kwa Kiswahili hudhani kwamba lugha nyingine zinazohitaji alama zinajitafutia taabu.

Sivyo ilivyo. Lugha nyingi za Kibantu zimehifadhi irabu saba za asili. Neno ambalo kwa Kiswahili ni mtu, kwa Kikuyu ni mũndũ na kwa Kinyakyusa ni ʉmʉndʉ. Ni shina lilelile na irabu ileile ya zamani, ambayo si u ya kawaida. Wakikuyu waliionyesha kwa alama ya wimbi juu ya u. Vitabu vya Kinyakyusa vya miaka ya karibuni vimechagua u yenye mstari katikati. Kadhalika irabu ya pili huandikwa ĩ kwa Kikuyu na ɨ kwa Kinyakyusa. Anayeziandika irabu saba kwa herufi tano amemwachia msomaji kazi ya kukisia. Katika lugha ya Kiiraqw ya Mbulu na Karatu, ambayo si ya Kibantu, sauti ya kooni inayofanana na ʿayin ya Kiebrania huandikwa kwa alama ya mshazari (/), na sauti inayofanana na ḥet huandikwa hh.

Tukija kwenye lugha za Biblia, haja ni kubwa zaidi. Katika unukuzi wa Kiebrania kwa herufi za Kilatini, hillel ni kusifu, nalo ndilo shina la neno haleluya. Lakini ḥillel, yenye nukta chini ya h, ni kunajisi. Mwanafunzi anayeiacha nukta hiyo kwa sababu haioni kwenye kibodi amegeuza sifa kuwa unajisi. Vivyo hivyo ʾattāh, inayoanza na alefu, ni "wewe". ʿattāh, inayoanza na ʿayin, ni "sasa". Katika Kigiriki, fundisho kuu la Warumi 5:1 limebebwa na urefu wa irabu moja. Echomen ni "tuna amani"; echōmen ni "na tuwe na amani". Hati za kale za Sinaitiko na Vatikano ziliandikwa kwanza kwa omega, kisha zikasahihishwa kuwa omikroni, na matoleo ya kitaalamu ya siku hizi yameichukua omikroni katika matini. Anayeandika echomen katika pande zote mbili za hoja hawezi hata kuieleza hoja hiyo.

Tatizo hili halikuanza na kompyuta. Mwaka 1855 Karl Richard Lepsius wa Berlin alitoa alfabeti yake ya jumla, iliyotumia alama nyingi juu na chini ya herufi za Kilatini ili kuandika lugha ambazo hazikuwa na maandishi. Vyama vya misioni viliipokea, na Carl Meinhof, mchungaji wa Kilutheri aliyegeuka kuwa mtaalamu wa lugha za Kibantu, aliandika kwa njia hiyohiyo. Lakini wapiga chapa walilalamika, kwa maana alama ndogo zilivunjika na kuachwa. Kwa sababu hiyo taasisi ya kimataifa ya lugha na tamaduni za Kiafrika, iliyoanzishwa London mwaka 1926 na ambayo Diedrich Westermann alikuwa mmoja wa viongozi wake, ilitoa mwaka 1927 mwongozo wa othografia uliopendelea herufi mpya kamili, kama ŋ, ɛ na ɔ, kuliko alama za kupachikwa. Mwongozo huo ulirekebishwa mwaka 1930. Hadi leo lugha zetu zimegawanyika kati ya njia hizo mbili. Kikuyu kimefuata njia ya alama. Kinyakyusa cha sasa na Kilingala cha kitaalamu vimefuata njia ya herufi mpya.

Ni vema pia kutofautisha othografia na alama za fonetiki. Alfabeti ya Kimataifa ya Fonetiki inasimamiwa na chama kilichoanzishwa Paris mwaka 1886, nayo hukusudia alama moja kwa sauti moja katika lugha zote. Othografia ni mapatano ya wenye lugha. Herufi ʉ ya Kinyakyusa haiwakilishi sauti ambayo alama hiyo huiwakilisha katika fonetiki; imeazimwa tu kwa sura yake. Mwandishi na amweleze msomaji wake ni ipi kati ya hizo mbili anayoitumia.

3. Kompyuta inahifadhi nini?

Tunapobonyeza kitufe, kompyuta haichori herufi kama kalamu ichoravyo. Huandika namba katika faili, kisha fonti huitazama namba hiyo na kuonyesha sura inayolingana nayo. Namba ni nafsi ya herufi. Fonti ni vazi lake.

Mpango wa kwanza ulioenea, uitwao ASCII, ulitolewa Marekani mwaka 1963. Ulikuwa na nafasi 128 tu, zikiwamo za amri za mashine. Zilitosha Kiingereza, na kwa bahati zilitosha Kiswahili pia. Mpango uliofuata kwa Ulaya ya Magharibi, ISO 8859-1 wa mwaka 1987, uliongeza nafasi hadi 256. Humo ziliingizwa ã na õ kwa ajili ya Kireno, na ñ kwa ajili ya Kihispania. Lakini ĩ na ũ hazikuingizwa. Hii ndiyo sababu kompyuta za zamani ziliandika São Paulo bila shida, zikashindwa kuandika Kĩrĩnyaga. Jina la mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o limepita katika maktaba nyingi za dunia likiwa limevuliwa alama zake, si kwa sababu mwenyewe aliziacha, bali kwa sababu mashine hazikuwa na nafasi yake.

Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Biblia walitafuta njia ya mkato. Walitengeneza fonti ambazo zilivisha namba za Kilatini sura za Kigiriki au Kiebrania. Mwandishi alibonyeza a akaona alfa. Kwenye karatasi kazi ilipendeza, lakini ndani ya faili ilibaki a. Faili hilo lilipofunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti ile, neno logos lilitokea kama lo,goj, na prologo yote ya Yohana ikawa fujo. Kiebrania kilipata shida zaidi, kwa kuwa fonti nyingi za aina hiyo zilidai maneno yaandikwe kinyumenyume. Mstari ulipokatika mahali papya, mpangilio wa maneno ukaharibika.

Dawa ya kudumu ilipatikana katika mpango wa Unicode, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991. Shabaha yake ni kila herufi ya kila hati ya dunia kuwa na namba yake isiyotumiwa na nyingine. Leo mpango huo una herufi na alama zaidi ya 150,000. Kiebrania kina eneo lake, Kigiriki kina maeneo mawili, la kawaida na la alama zote za pumzi na mkazo, na alama za fonetiki zina mahali pake. Hata hivyo kazi haikukamilika kwa siku moja. Herufi ndogo ʉ iliingia mapema kwa sababu ni alama ya fonetiki, lakini fonetiki haina herufi kubwa. Herufi kubwa Ʉ ilipata namba mwaka 2006 tu. Kabla ya mwaka huo, lugha iliyotumia herufi hiyo haikuweza kuanza sentensi nayo kwa njia iliyo rasmi.

Namba za Unicode huandikwa kwa U+ ikifuatwa na tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F. Zifuatazo ni baadhi ya zile zinazotuhusu:

Kikuyu, Kikamba na Kimeru: ĩ 0129, Ĩ 0128, ũ 0169, Ũ 0168.
Kinyakyusa na jirani zake wenye mtindo huo: ɨ 0268, Ɨ 0197, ʉ 0289, Ʉ 0244.
Herufi za mwongozo wa 1927: ŋ 014B, Ŋ 014A, ɛ 025B, Ɛ 0190, ɔ 0254, Ɔ 0186.
Unukuzi wa Kiebrania: alefu ʾ 02BE, ʿayin ʿ 02BF, ḥ 1E25, ṭ 1E6D, ṣ 1E63, š 0161.
Irabu ndefu: ā 0101, ē 0113, ī 012B, ō 014D, ū 016B.

4. Hatari ya herufi zinazofanana

Baada ya kuelewa namba, tunaweza kuona hatari ambayo jicho peke yake haliioni. Kuna herufi zinazofanana kwa sura lakini zenye namba tofauti, na kompyuta huzihesabu kuwa vitu viwili.

Mfano wa kwanza ni ritifaa. Wanafunzi wengi huandika alefu na ʿayin kwa kitufe cha ritifaa, wakitumaini kwamba muktadha utasaidia. Lakini programu nyingi za kuandikia zina desturi ya kuipinda ritifaa zenyewe. Ikiwa mwanzoni mwa neno, huigeuza kuwa alama ya kufungua nukuu (‘), ambayo katika unukuzi uliorahisishwa ni ʿayin. Basi mwanafunzi akikusudia neno "wewe", ambalo Nathani analianzia katika 2 Samweli 12:7 anapomkabili Daudi, huiandika attah na ritifaa mbele yake, na mashine humpa "sasa". Hakuna mstari mwekundu utakaomwonya. Dawa ni kutumia 02BE na 02BF, ambazo mashine haizigusi.

Ritifaa ya Kiswahili nayo ina jambo lake. Ng'ombe yenye ritifaa iliyonyooka (0027) na ng’ombe yenye ritifaa iliyopinda (2019) ni maneno mawili mbele ya programu nyingi za kutafutia. Anayeandaa faharasa ya kitabu au orodha ya washarika na achague moja na kuishika mwanzo hadi mwisho.

Mfano wa pili ni ɛ ya lugha za Kiafrika na ε, yaani epsiloni ya Kigiriki. Kwa jicho ni kama mapacha. Lakini ukiamuru kompyuta igeuze maandishi kuwa herufi kubwa, ɛ huwa Ɛ, ilhali ε huwa Ε, ambayo kwa sura haitofautiani na E ya kawaida. Kichwa cha wimbo kilichoandikwa kwa epsiloni kitapoteza irabu yake mara tu kinapowekwa kwa herufi kubwa kwenye jalada.

Mfano wa tatu ni mshazari wa Kiiraqw. Kwa mwenye lugha hiyo, / ni konsonanti kamili. Kwa kompyuta ni alama ya kutenganisha. Huweza kulikata neno mwishoni mwa mstari mahali pasipostahili, na mifumo ya kompyuta haikubali alama hiyo katika jina la faili. Hatusemi kwamba othografia hiyo ibadilishwe. Hilo ni shauri la wenye lugha. Tunasema kwamba mchapaji wa kitabu cha Kiiraqw anapaswa kujua jambo hili mapema, na kukagua miisho ya mistari yote kabla ya kwenda mitamboni.

5. Njia za kuandika

Ziko njia nyingi, nazo hutofautiana kwa wingi wa kazi.

Kwanza, kwa anayehitaji herufi moja moja. Katika Word ya Windows, andika namba ya herufi kisha bonyeza kitufe cha Alt pamoja na X. Ukiandika 0129 na kubonyeza hivyo, namba hugeuka kuwa ĩ. Ikiwa herufi iliyotangulia ni mojawapo ya a hadi f, mashine itaidhania kuwa sehemu ya namba; katika hali hiyo andika U+0129 badala ya 0129. Njia hii ina faida ya pili iliyo kubwa kuliko ya kwanza: ukiweka alama ya kuandikia mara tu baada ya herufi yoyote na kubonyeza Alt na X, herufi hugeuka kuwa namba yake, na ukibonyeza tena hurudi. Kwa njia hiyo mwandishi hupima kama alichonacho ni ɛ (025B) au ε (03B5). Katika programu nyingi za Linux hubonyezwa Ctrl, Shift na U pamoja, kisha namba. Katika Mac iko kibodi iitwayo Unicode Hex Input, ambayo hupokea namba huku kitufe cha Option kikiwa kimeshikiliwa.

Pili, kwa anayerudia herufi zilezile chache. Word inaruhusu kuipa herufi kitufe chake kupitia orodha ya alama; kwa mfano Alt na I kwa ĩ. Vilevile programu huweza kufundishwa kwamba kila mara inapoona Gikuyu iandike Gĩkũyũ. Njia hizi ni nyepesi, ila hukaa katika mashine ile tu.

Tatu, kwa anayeandika kurasa nyingi. Huyu anahitaji kibodi ya lugha husika. Windows na Mac zina kibodi za Kiebrania na za Kigiriki chenye alama zote. Kinachotakiwa ni kuziwasha katika mipangilio. Kwa lugha zetu na kwa fonetiki, programu ya Keyman, ambayo tangu mwaka 2015 iko chini ya shirika la SIL, hutolewa bila malipo na ina kibodi za lugha nyingi sana, za kompyuta na za simu. Katika kibodi yake ya fonetiki, mwandishi hutumia vitufe vya kawaida: n ikifuatwa na alama ya > huwa ŋ, na e ikifuatwa na < huwa ɛ. Siku chache za mazoezi zinatosha vidole kuzoea. Kwenye simu, kushikilia herufi kwa muda huleta mara nyingi orodha ya jamaa zake zenye alama.

Tunawashauri wanafunzi wanaoanza Kiebrania wawashe kibodi mwanzoni mwa muhula, wasingojee mwezi wa kukabidhi tasnifu. Haraka ya mwishoni ndiyo humshawishi mtu kuacha nukta.

6. Alama zinazopandana, na fonti

Si kila muunganiko wa herufi na alama una namba yake. Mtaalamu anayetaka kuonyesha toni ya juu kwenye ɨ hatapata herufi moja iliyo tayari. Ataandika ɨ, kisha alama ya toni inayosimama juu ya herufi iliyotangulia (0301), naye atapata ɨ́. Utaratibu ni huo siku zote: herufi kwanza, alama baadaye.

Kutokana na utaratibu huo, ĩ inaweza kuandikwa kwa njia mbili: kwa namba moja (0129), au kwa i pamoja na wimbi (0303). Kwa jicho hazitofautiani, lakini katika kutafuta au kupanga kialfabeti zinaweza kuhesabiwa kuwa tofauti. Kundi linaloshirikiana katika tafsiri au kamusi linapaswa kupatana mapema. Pale penye namba moja, tunashauri itumike hiyo.

Fonti nayo ichaguliwe kwa uangalifu. Fonti isiyo na herufi inayotakiwa huonyesha kisanduku kitupu, au mashine huazima herufi hiyo kutoka fonti nyingine, na neno huonekana kama nguo yenye kiraka. Fonti isiyojua kupanga alama huiweka toni kando ya herufi au hulimeza wimbi. Shirika la SIL hutoa bila malipo fonti za Charis SIL, Doulos SIL na Gentium, ambazo zimetengenezwa kwa kazi hii. Wasomaji wetu watatambua majina hayo: charis ni neema, doulos ni mtumishi, na gentium kwa Kilatini ni "ya mataifa". Kwa Kiebrania chenye irabu na alama za kusomea, fonti za Ezra SIL na SBL Hebrew zinafaa.

Kabla ya kuikabidhi kazi, ni vema kufanya majaribio manne. Tafuta neno moja lenye herufi maalum na uone kama kompyuta inalipata kila mahali. Geuza kichwa kimoja kuwa herufi kubwa, ukague kama herufi maalum zimefuata. Badilisha fonti ya ukurasa mmoja kwa muda: ikiwa Kigiriki kimegeuka kuwa Kilatini, faili ni la mtindo wa zamani. Mwisho, fungua faili kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Kwa mchapaji, peleka faili la PDF ambalo fonti zake zimefungwa ndani, pamoja na karatasi moja yenye orodha ya herufi maalum zote zilizotumika.

7. Kazi zilizoandikwa kwa njia ya zamani

Wamisionari wa Berlin na wa Moravian walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, na maandishi ya Kinyakyusa yaliyofuata yalichapwa kwa risasi kwenye karatasi. Yaliyosalia bado yanasomeka kwa macho. Lakini tafsiri, kamusi na vitabu vya nyimbo vilivyoandikwa kwa kompyuta miaka ya 1990 kwa fonti za njia ya mkato viko katika hatari kubwa kuliko karatasi hizo. Fonti ikipotea, ufunguo umepotea.

Tunatoa ushauri ufuatao kwa wenye mafaili ya aina hiyo katika ofisi za dayosisi, vyuo na vituo vya tafsiri. Fonti ya zamani isifutwe. Inakiliwe pamoja na mafaili yenyewe. Ichapishwe nakala moja ya karatasi wakati mashine moja ingali inaonyesha maandishi sawasawa. Kisha iandaliwe jedwali la safu mbili, namba ya zamani upande mmoja na namba ya Unicode upande wa pili, ili fundi aigeuze kazi yote kwa programu. Kwa jedwali lililo sahihi, kazi ya miaka inaweza kugeuzwa kwa muda mfupi. Pasipo jedwali wala nakala ya karatasi, itabidi kukisia. Zaidi ya yote, wazee waliofanya kazi hizo washirikishwe wangali nasi, kwa kuwa mara nyingi wao peke yao ndio wanaojua kitufe kipi kilikuwa herufi ipi.

8. Hitimisho

Tumeeleza kwamba kompyuta huhifadhi namba, si sura; kwamba tangu mwaka 1991 upo mpango mmoja unaozipa herufi za lugha zetu namba zake; na kwamba njia za kuziandika zinapatikana, nyingi bila gharama. Udhuru wa kwamba kibodi haina herufi hiyo hautoshi tena.

Matumizi ya mambo haya hayaishii katika tasnifu. Mchungaji anapoandika jina la mtoto katika kitabu cha ubatizo, kisha katibu akalinakili kwenye kompyuta ya usharika, jina hilo litafuata katika cheti cha kipaimara, cha ndoa, na mwisho katika ratiba ya mazishi. Likivuliwa alama siku ya kwanza, litatembea hivyo maisha yote. Basi kila ofisi ya usharika inayohudumia watu wa lugha zenye herufi maalum iwe na kibodi ya lugha hizo katika kompyuta yake, na orodha ya herufi ibandikwe ukutani karibu na mwandishi. Ni kazi ya mchana mmoja.